JOHN KEMENY: PROFESA ALIYETAKA KILA MTU AWEZE KUANDIKA PROGRAMU

Siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo. Leo nawaletea maisha ya bwana mmoja anaitwa John Kemeny. Ukilitaja hilo jina kwa watu wa kompyuta wanamjua vizuri tu, lakini hapa kijiweni ukiuliza utaambiwa labda anacheza Chelsea. Mzee alishafariki zamani, tangu 1992. Ila kama umewahi kuandika programu hata ya mstari mmoja, au umewahi kutamani kuandika ukaogopa, basi habari yake inakuhusu moja kwa moja.

Kwa nini nasema kuogopa? Kwa sababu wengi wetu tumejazwa imani kwamba kuandika programu ni kazi ya watu waliozaliwa na vichwa vya ajabu, waliosoma PCM mpaka wakachoka. Wewe uliyesoma arts, au uliyeishia form four kama mimi, kazi yako ni kucheki barua pepe, kulipa na kuondoka. Sasa Kemeny alikuwa na kichwa cha ajabu kweli kweli. Na huyo huyo mwenye kichwa ndiye aliyeikataa imani hiyo, akafanya kazi miaka mingi kuivunja. Hebu tuanze mwanzo.

MKIMBIZI KUTOKA BUDAPEST

Kemeny alizaliwa tarehe 31 Mei 1926 mjini Budapest, nchini Hungaria, katika familia ya Kiyahudi. Utoto wake uliangukia kipindi kibaya. Hitler alikuwa ameshika Ujerumani na upepo wa chuki dhidi ya Wayahudi ulikuwa unavuma Ulaya nzima. Baba yake akaona mbali, akatangulia Marekani kutafuta maisha, na mwaka 1940 familia ikamfuata New York. Babu yake alikataa kuondoka. Babu huyo pamoja na shangazi na mjomba wa Kemeny hawakusalimika, waliuawa katika yale mauaji ya Wayahudi.

Kijana akafika New York na miaka 14, nchi ngeni, na lugha ya shule siyo ya nyumbani kwao. Akaingia sekondari ya George Washington, na baada ya miaka mitatu tu akamaliza akiwa wa kwanza katika darasa lake. Mwaka 1943 akajiunga na chuo kikuu cha Princeton kusoma hisabati.

BOMU, KADI NA EINSTEIN

Hajamaliza hata chuo, jeshi likamchukua. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa haijaisha. Mwaka 1945 akapelekwa Los Alamos, kule jangwani New Mexico, ambako Marekani ilikuwa inatengeneza bomu la atomiki kwa siri. Alikuwa hajafikisha miaka 20. Kazi yake ilikuwa kwenye kitengo cha hesabu, na mmoja wa wakubwa wake alikuwa Richard Feynman, ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Hapo hakukuwa na kompyuta kama tunayoijua sisi. Kulikuwa na mashine za IBM za kufanyia mahesabu ya uhasibu, zile za kulishwa kadi zenye matundu. Kila namba inatobolewa kwenye kadi, kadi zinabebwa kutoka mashine hii kwenda ile, watu wanapokezana zamu usiku na mchana. Miaka mingi baadaye Kemeny alipiga hesabu akaona kwamba kazi yote waliyoifanya pale, watu kama 20 kwa mwaka mzima, mwanafunzi mmoja wa mwaka 1970 angeweza kuimaliza mchana mmoja tu, tena akiwa anatumia kompyuta moja na wenzake. We fikiria hapo.

Vita ilipoisha akarudi Princeton. Mwaka 1949 akapata shahada ya udaktari akiwa na miaka 23, chini ya Alonzo Church, mmoja wa magwiji wa mantiki. Na akiwa bado mwanafunzi alikuwa msaidizi wa Albert Einstein katika mambo ya hisabati. Ndiyo, Einstein yule yule wa kwenye mabango.

Kwa hiyo huyu jamaa, kama angetaka kuringa, sababu alikuwa nazo. Angeweza kukaa na magwiji wenzake maisha yake yote na asimjue mwanafunzi wa kawaida anafananaje.

SANDUKU LA KADI NDANI YA TRENI

Mwaka 1953 akaenda kufundisha hisabati katika chuo cha Dartmouth, mji mdogo wa Hanover, jimbo la New Hampshire. Miaka miwili tu baadaye akawa mkuu wa idara. Mwaka 1956 akaja mwalimu mwingine kijana, Thomas Kurtz, na wakawa kama pacha wa kazi. Kurtz yeye ameishi mpaka mwaka 2024.

Dartmouth wakati huo haikuwa na kompyuta. Basi Kurtz akawa anapanda treni kila baada ya wiki mbili kwenda Boston na sanduku la kadi zake, hadi chuo cha MIT kulikokuwa na kompyuta kubwa. Huko unawakabidhi kadi wahusika, unasubiri, unapewa karatasi ya majibu. Sasa ole wako uwe umekosea alama moja. Hupati jibu, unapata karatasi ya kukuambia umekosea, unarudi nyumbani, unasahihisha, halafu unasubiri safari nyingine. Wiki mbili zimekwenda kwa sababu ya mkato mmoja!

Hapo ndipo ukuta ulipokuwa, wadau. Watu walikuwa na akili ya kutosha. Ila mashine ilikuwa mbali, ghali, inalindwa na wataalamu, na haikupi nafasi ya kukosea. Na mtu anayeanza ni lazima akosee. Mimi mwenyewe programu yangu ya kwanza nilisahau kufunga alama ya kunukuu, nikakaa nusu saa nzima ya kafe natafuta tatizo liko wapi. Ingekuwa enzi za kadi ningeacha siku hiyo hiyo.

Na lugha zenyewe zilikuwa za wenyewe. FORTRAN ya mwaka 1957 ilitengenezwa kwa ajili ya wanasayansi. COBOL iliyofuata ilikuwa ya maofisi na mabenki. Mwanafunzi wa historia au sheria alikuwa hana lugha yake.

WAZO LA KICHAA

Wanafunzi wengi wa Dartmouth walikuwa hawasomi sayansi. Kemeny na Kurtz wakaliangalia hilo wakasema hawa ndio watakaokuja kuwa viongozi, wanasheria na wafanyabiashara, watakaoamua kompyuta zitumike vipi. Itakuwaje waamue mambo ya kitu ambacho hawajawahi kukigusa? Wakaamua kila mwanafunzi wa chuo apate kuandika programu. Kila mmoja, na bila kulipia. Kama maktaba: unaingia, unachukua kitabu, hakuna anayekuuliza unakitakia nini.

Lakini kompyuta ni moja na wanafunzi ni maelfu. Utafanyaje? Hapa Kurtz alirudi kutoka MIT na ushauri wa profesa John McCarthy: mgawanye muda wa mashine. Maana yake ni hivi. Muangalie mama ntilie mwenye jiko moja na wateja kumi. Hamalizi kwanza shughuli zote za mteja mmoja ndipo amwangalie wa pili. Anageuza chapati ya huyu, anamimina chai ya yule, anarudi kwenye chapati, anatoa chenji. Kila mteja anajiona anahudumiwa yeye. Kompyuta nayo ni hivyo hivyo: inampa kila mtu kipande kidogo cha muda, inahamia kwa mwingine, inarudi. Kwa kuwa ina kasi, wewe uliyekaa kwenye kiti unaona kama ni ya kwako peke yako.

Kuhusu lugha, Kurtz mwanzoni alifikiria wachukue FORTRAN wapunguze ugumu. Kemeny akakataa, akataka lugha mpya kabisa yenye maneno machache ya kawaida ambayo mtu anayashika haraka. Mwaka 1963 akaanza mwenyewe kuandika kompaila, yaani ile programu inayogeuza maneno ya binadamu kuwa amri za mashine. Lugha ikaitwa BASIC. Hilo jina ni kifupisho, na neno la kwanza ndani yake linamtaja mtu anayeanza. Yaani hata kwenye jina aliyetangulizwa ni mgeni wa mambo, mtaalamu akafuata nyuma.

SAA KUMI ALFAJIRI

Fedha zilitoka mfuko wa serikali ya Marekani wa sayansi, na mwanzoni mwa mwaka 1964 ikafika kompyuta ya General Electric, GE-225. Na waliopewa kazi ya kuandika mfumo mzima wa kugawana muda walikuwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, akiwemo John McGeachie na Mike Busch. Sio wahandisi wa kampuni, vijana wa chuo! Wakawa wanakesha kwenye chumba cha mashine.

Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi alfajiri, Kemeny na McGeachie wakakaa kila mmoja kwenye mashine yake ya teletaipu. Hiyo ni kama taipureta iliyounganishwa na kompyuta kwa waya. Haina kioo, majibu yanachapwa kwenye karatasi. Kila mmoja akaandika programu yake ya BASIC, wakaamrisha kwa pamoja. Mashine zote mbili zikajibu, na majibu yakawa sahihi. BASIC ikazaliwa.

Programu zenyewe zilifananaje? Lugha ile ya kwanza ilikuwa na maneno yasiyofika 20. Mfano huu nimeuandika mwenyewe, tunataka kujua kilo 6 za mchele kwa shilingi 2500 kila kilo ni kiasi gani:

10 LET B = 2500
20 LET K = 6
30 PRINT B*K
40 END

Basi. Mstari wa kwanza unasema B iwe 2500. Wa pili unasema K iwe 6. Wa tatu unasema chapa jibu la B mara K. Wa nne unasema mwisho. Jibu linatoka 15000. Ndiyo maana ya neno PRINT pia, jibu lilikuwa linachapwa kwenye karatasi kweli. Na zile namba za pembeni zinapanda kumi kumi ili ukisahau kitu uandike mstari wa 15 na kompyuta iuweke katikati yenyewe. Ukikosea mstari wa 20, unaandika tena 20 na ule wa zamani unafutika. Umeona? Lugha imeshajua kwamba utakosea, imekuwekea nafasi kabisa.

Muhula uliofuata wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa mamia wakawa wanaandika programu. Baadaye hata shule za sekondari za jirani zikaunganishwa kwa laini za simu.

ILIVYOSAMBAA

Dartmouth hawakuifungia BASIC kabatini. Mtu yeyote aliruhusiwa kutengeneza ya kwake. Mwaka 1968 shule moja ya Seattle iliyokuwa na teletaipu iliyounganishwa kwa simu na kompyuta ya mbali ilikuwa na mwanafunzi anaitwa Bill Gates. Alianzia kwenye BASIC. Mwaka 1975 yeye na Paul Allen wakatengeneza BASIC ya kompyuta ndogo ya Altair, na hiyo ndiyo bidhaa ya kwanza ya kampuni ya Microsoft. Kompyuta za nyumbani zilizofuata, kama Apple II ya mwaka 1977 na Commodore 64 ya mwaka 1982, zilikuja na BASIC ndani yake. Unawasha tu, inakusubiri uandike.

Lakini tusiseme sifa tupu. BASIC ilipigwa madongo sana. Mwanasayansi wa Uholanzi Edsger Dijkstra alidai kwamba mwanafunzi aliyeanza na BASIC ameshaharibika, hafundishiki tena vizuri. Hoja ilikuwa na ukweli fulani. Kulikuwa na neno GOTO la kuiambia programu iruke mpaka mstari fulani, na watu wakarukaruka nalo mpaka programu ikawa kama tambi zilizovurugana. Hata Kemeny na Kurtz hawakupendezwa na BASIC za mtaani zilivyochakachuliwa, ndiyo maana mwaka 1983 wakaanzisha kampuni ya True BASIC, yaani BASIC ya kweli, wakaleta lugha iliyopangika. Haikuzipiku zile za mtaani.

Mimi naona hivi: mtoto anajifunza kutembea kwa kushika ukuta. Huwezi kumwambia ukuta umemharibu miguu.

MKUU WA CHUO NA ZILE KENGELE MIA

Mwaka 1970 Kemeny akachaguliwa kuwa rais wa chuo cha Dartmouth, akakaa miaka 11. Hata akiwa mkuu aliendelea kuingia darasani kufundisha. Na kule nako alifungua milango. Dartmouth ilianzishwa mwaka 1769 na kwa zaidi ya miaka 200 ilikuwa ya wanaume. Mwaka 1972, chini yake, wasichana wakaanza kuingia kusoma shahada. Tena chuo kilianzishwa kwa ahadi ya kuwasomesha wenyeji asilia wa Amerika, ila waliokuwa wamehitimu ni wachache mno. Kemeny akaifufua ahadi hiyo. Kuna waliokasirika, hasa wahitimu wa zamani. Hakurudi nyuma.

Tarehe 28 Machi 1979 kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, kikapata ajali mbaya. Rais Jimmy Carter akamteua Kemeny kuongoza tume ya uchunguzi. Mwezi Oktoba mwaka huo ripoti ikatoka, na ilisema kiini cha tatizo ni watu zaidi ya mitambo: mafunzo, usimamizi, na jinsi mashine zilivyokuwa zinawasiliana na binadamu. Katika dakika za mwanzo za ajali, zaidi ya kengele 100 za hatari zililia kwenye chumba cha udhibiti, na hapakuwa na namna ya kutenganisha za maana na zisizo za maana. Mwendeshaji maskini atasikiliza ipi?

Ukiliangalia vizuri, ni tatizo lile lile la sanduku la kadi. Mashine isiyosema lugha ya mtu anayeitumia ni hatari, hata kama ndani yake kila kitu kimetengenezwa na magwiji.

Mwaka 1981 akaachia urais, akarudi kuwa mwalimu wa hisabati kama zamani. Alifariki tarehe 26 Desemba 1992 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 66.

SASA ZAMU YAKO

Lugha zimepita nyingi tangu hapo. Ile desturi ya programu ya kwanza kusalimia dunia ilivuma kupitia kitabu cha lugha ya C cha Brian Kernighan na Dennis Ritchie cha mwaka 1978. Kwenye C salamu yenyewe inakaa hivi:

#include <stdio.h>
int main(void) {
    printf("Habari dunia\n");
    return 0;
}

Mtu anayeanza akiona mabano yote hayo lazima ajikune kichwa. Kwenye Python, lugha iliyotoka mwaka 1991, ni mstari mmoja:

print("Habari dunia")

Na ule mchele wetu:

bei = 2500
kilo = 6
print(bei * kilo)

Ukiweka hii pembeni ya BASIC ya 1964 utaona zinafanana kama mtu na mjukuu wake. Njia ya kumpokea mgeni ni ile ile: andika kidogo, pata jibu hapo hapo, ukikosea rekebisha uendelee.

Utasema hapa kafe hakuna Python. Sawa. Kama uko kwenye kompyuta yenye Chrome au Firefox, bonyeza kitufe cha F12 halafu chagua palipoandikwa Console. Kama wenye kafe hawajapafunga, pana nafasi ya kuandika. Andika hivi:

console.log(2500 * 6)

Bonyeza Enter. Hiyo ni JavaScript, lugha inayotumika kwenye tovuti karibu zote unazozitembelea. Na wewe umeiamrisha. Ukiona maandishi mekundu usiogope, hujaharibu kompyuta ya watu. Umekosea alama tu, andika tena. Hakuna treni ya kusubiri wiki mbili.

Mtu aliyewahi kumsaidia Einstein mahesabu aliamini mwanafunzi wa historia anaweza kuandika programu. Na kompyuta aliyomwekea ilikuwa ya kugawana, kama sisi tunavyogawana hizi za kafe kwa nusu saa nusu saa. Sasa wewe na mimi ni nani tuseme hatuwezi?

Haya wadau, muda wangu nao unakata. Ukijaribu, tuandikie kwenye maoni hapo chini programu yako ya kwanza ilifanya nini, na ilikugomea wapi. Aliyekwama asione aibu, kuna mwenzake atamsaidia. Tuko pamoja.